UZI: Sheli za njia ya Dar–Tunduma, wapi zimerundikana na wapi utalia

Kokoto Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Barabara ya TANZAM, hii ya Tanzania kwenda Zambia, nimeipita miaka mingi, ila safari ya mwezi uliopita ndiyo mara ya kwanza nimeipita nikiangalia sheli. Sababu ni aibu tu. Safari iliyotangulia gari lilinizimikia kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni, jua la saa nane, mke pembeni kanyamaza ule ukimya mnaoujua wenyewe, watoto nyuma wanauliza kama tumefika. Morogoro nilipita sheli nne au tano nikisema nitajaza mbele. Mbele nikaingia sheli moja, mhudumu akanijibu petroli imeisha tangu jana, dizeli ipo. Nikautazama mshale, nikajipa moyo, nikaondoka.

Aliyeniokoa ni utingo wa Fuso la vitunguu. Alisimamisha bodaboda, akaenda na dumu langu, akarudi baada ya saa moja na nusu. Lita tano nilizilipia bei ambayo mke wangu hajaijua mpaka leo, na naomba ibaki hivyo.

Sasa nije kwenye hoja. Ubungo mpaka Tunduma ni kama kilomita 930. Sheli zote za njia hii ungezitandaza sawasawa, mtu asingekaa muda mrefu bila kuiona moja. Lakini hazijatandazwa. Zimekaa mafungu mafungu kama nyanya za Ilula: hapa ndoo imejaa, pale ndoo tupu.

Nilichokigundua ni kwamba karibu kila fungu kubwa liko njia panda. Chalinze, unakata kwenda Tanga, Moshi na Arusha. Msamvu pale Morogoro, unakata kwenda Dodoma. Mikumi mjini, unashuka Ifakara. Iringa, Dodoma tena kwa upande mwingine. Makambako, Njombe na Songea. Uyole pale Mbeya, Tukuyu mpaka Kyela na Malawi. Tunduma, Sumbawanga kwa kulia na Zambia mbele yako. Mwenye sheli hapo anauzia magari ya njia mbili tatu kwa pampu zilezile. Akienda katikati ya pori anauzia njia moja tu, tena wenye haraka. Mafinga ndiyo inanitatiza kidogo, maana njia panda zake si kubwa kiasi hicho, ila pale kuna mbao, na mbao ni malori.

Mapengo nayo yana sababu zake. Hifadhi ya Mikumi, lami inapita ndani kama kilomita 50, na huko ni twiga na matuta tu. Hapo hakuna cha kulaumu. Lakini ukishatoka Mikumi mjini ndipo kazi inapoanza: Iyovi, bonde la mibuyu, Ruaha Mbuyuni, halafu mlima Kitonga, halafu Ilula. Mikumi mpaka Iringa ni kama kilomita 200 na sheli ni za kuhesabu. Tena kipande hicho ndicho kinachokula mafuta kuliko vyote, maana unatoka bondeni kule Mto Ruaha unapanda mpaka nyanda za juu. Gari linalokwenda lita moja kwa kilomita 12 Chalinze, Kitonga halikupi hizo, hasa ukikwama nyuma ya semi linalopanda kwa gia ya kwanza.

Wenye uzoefu shukeni hapa. Kwa nini hakuna anayejenga kwenye mapengo?

Suka wa Semi

Mkuu umetema madini, ila umeangalia barabara kwa jicho la gari dogo. Sheli za njia hii hazikujengwa kwa ajili yako. Wewe unajaza lita 40 unaomba na maji ya kuoshea kioo. Mimi naingia na matenki mawili.

Kwetu sisi sheli ni maegesho kwanza, mafuta baadaye. Inatakiwa niingie na tela bila kurudi rivasi, kuwe na mlinzi, bafu, mama ntilie na fundi tairi. Ndiyo maana Makambako na Tunduma utaziona zina viwanja kama uwanja wa mpira. Mjini katikati hakuna eneo hilo, na porini hakuna mlinzi wa kukutosha.

Halafu kuna mizani. Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, mpaka Mpemba huko Songwe. Dizeli ina uzito, wakuu. Lita 600 ni kama nusu tani. Kama mzigo umekaa juu kwenye kikomo, hujazi tenki kabla ya mzani, unajaza baada ya kuupita. Mwenye sheli anayejua kazi analijua hilo.

La tatu, wengi wetu hatuchagui sheli. Tajiri ana mkataba na kampuni fulani, unapewa oda ya lita kadhaa ujaze kituo fulani. Nikipita sheli kumi za wengine, kwangu ni kama miti. Kwa hiyo sheli mpya ya porini isiyo na mikataba na matajiri wa malori itabaki kuuzia bodaboda.

Binti Ipogolo

Nyongeza ndogo kwa wageni wa Iringa. Mji uko juu mlimani, barabara kuu inapita chini Ipogolo. Naona watu wanapanda mjini kutafuta mafuta, wanapoteza muda na hayo mafuta yenyewe. Sheli zipo hapahapa chini. Msipande jamani, labda kama mnakuja kunisalimia.

Kokoto Nyeusi

Suka, hilo la mzani lilikuwa halijanipitia akilini kabisa. Asante.

Binti Ipogolo, mke wangu anausoma huu uzi.

Mwenye Pampu Mbili

Nimekuwa msomaji tu humu miaka, leo mmenigusa. Nina kituo kidogo kwenye mojawapo ya hayo mnayoyaita mapengo. Sitakitaja. Ngoja niwaambie kwa nini mnakuta petroli imeisha.

Kujenga kituo barabara kuu si kuchimba shimo na kuweka pampu. Kuna kibali cha NEMC, wale wa mazingira, kuna leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati, kuna TANROADS, wenye barabara, na njia ya kuingilia na kutokea. Hifadhi ya barabara kuu, eneo la serikali kando ya lami, ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kwa hiyo kiwanja chako kinaanza mbali na lami, na hiyo sehemu ya katikati unaitengeneza kwa hela yako lakini si yako. Mnakumbuka bomoabomoa ya nyumba za kando ya barabara pale Kimara 2017. Kila mwenye kituo kando ya barabara hii analala na jicho moja wazi, kwa sababu barabara itapanuliwa tu. Swali ni lini.

Sasa mafuta yenyewe. Bohari ziko Dar. Lori la mafuta haliji kukuletea lita 2,000, unachukua mzigo wa maana au usubiri mwenzako mgawane vyumba vya tenki. Pesa inatangulia. Mimi dizeli inatoka kila siku, petroli inasuasua. Mtaji ukiwa mdogo nitaweka wapi? Kwenye dizeli. Ndiyo yaliyomkuta ndugu yetu.

Na kuna jambo la tarehe ambalo wengi hamlifahamu. EWURA inatangaza bei kikomo, ile ya juu kabisa unayoruhusiwa kuuzia, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kukiwa na fununu kwamba bei itashuka, nani atajaza matenki wiki ya mwisho? Ukinunua leo lita 10,000, Jumatano ikashuka, umekula hasara ukiwa umesimama. Kwa hiyo vituo vidogo tunamalizia tulichonacho, tunasubiri. Vikubwa vina mtaji, vinahimili. Ukisafiri tarehe 29 au 30, ramani yako ya sheli ni fupi kuliko ukisafiri tarehe 10. Majengo ni yaleyale, mabango yaleyale, mafuta hakuna.

Jicho la Tai

Kwa hiyo unakiri mnaficha mafuta? Maana bei ikiwa inapanda ndiyo mnasema pampu mbovu.

Mwenye Pampu Mbili

Nimekiri kwamba sinunui, sijakiri kwamba naficha. Wapo wanaoficha, na EWURA ikiwakamata inawafungia, haki yao. Lakini kituo changu tenki likijaa siku ya Jumanne kitu cha kwanza nachofikiria ni marejesho ya mkopo, si kukukomoa wewe.

Jicho la Tai

Sawa tajiri.

Mwenye Pampu Mbili

Tajiri mwenye pampu mbili, moja inavuja.

Mjukuu wa Dereva

Wakuu, mnaongea kama vile mafuta yamekuja kwenye barabara hii baadaye. Ni kinyume. Barabara hii imekuja kwa sababu ya mafuta.

Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru kule Rhodesia. Zambia ilikuwa inapata mafuta yake kupitia hukohuko, njia ikakatika. Ikabidi yapitie Dar es Salaam. Mapipa mengine yalibebwa kwa ndege, mengine yakapakiwa kwenye malori yakatembea njia hii wakati ni vumbi na tope. Wazungu waliipa jina la njia ya jehanamu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa hao madereva. Alikuwa anasimulia masika waliweza kulala siku kadhaa sehemu moja wakisubiri tope likauke, wamekalia mapipa ya petroli na hawana hata ya kuwashia jiko.

Kuhusu sheli alikuwa anacheka. Sheli walizibeba wenyewe. Kila lori lilikuwa na mapipa yake ya kwenda na ya kurudi, na ukikuta mwenzio kakwama unampimia kwa debe. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar mpaka Ndola. Lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikamalizwa katikati ya miaka ya 70.

Hilo bomba linapita nchi hiihii ya Morogoro, Iringa na Mbeya. Zamani lilisukuma mafuta ghafi, tangu 2023 linasukuma dizeli. Kwa hiyo Kokoto Nyeusi, ulipozimikiwa pale na mkeo kanyamaza, dizeli ya Wazambia ilikuwa inapita ardhini upande huohuo wa nchi ikielekea Ndola.

Kokoto Nyeusi

Hiyo taarifa ningeijua siku ile ningelia kabisa.

Suka wa Semi

Na gari lako ni la petroli, lisingekusaidia kitu.

Mtu wa Nakonde

Naishi upande wa pili wa mpaka, nafanya biashara Tunduma. Kuna kitu kinanishangaza siku zote. Zambia bei ya pampu ni moja nchi nzima, tangu 2010. Lita ya Nakonde na lita ya Lusaka bei moja. Kwenu kila wilaya na bei yake, na kadiri unavyoiacha Dar ndivyo inavyopanda kwa sababu gharama ya usafiri imo ndani.

Nafikiri hilo linachora ramani ya sheli pia. Kwenu dereva anajua mafuta ya Dar ni rahisi, anajaza kutoka Dar na kubeba awezavyo. Akirudi mtupu kutoka kwetu au Congo, anajivuta mpaka mbele kidogo ambako bei inashuka. Katikati ya safari ndefu wanaobaki kununua ni wale ambao hesabu imewakataa. Mtu wa biashara atajenga pale ambapo hesabu za watu wengi zinakata kwa pamoja, na hapo ndipo Makambako au Iringa inapotokea. Tunduma imejaa kwa sababu nyingine: foleni ya mpaka. Malori yakilala siku mbili, hata mti unaweza kuuza mafuta.

Mwenye Pampu Mbili

Huyu jamaa wa Nakonde kasema ukweli. Tofauti ya bei ya Morogoro na Mbeya kwa lita moja mtu wa gari dogo haisikii. Mwenye malori 50 inamnyima usingizi. Bei moja nchi nzima ingenisaidia mimi wa katikati, ila mtu wa Dar angeuliza kwa nini amlipie nauli mtu wa Vwawa.

Utingo Mstaafu

Mmesahau sheli zisizo na bango.

Kila mtu wa njia hii anazijua. Kibanda, dumu la njano limegeuzwa juu chini, mrija umening'inia. Hizo ndizo zinazojaza mapengo yenu. Petroli ya bodaboda kwenye chupa za maji, dizeli ya dumu kwa wenye Canter. Dizeli inatoka wapi? Suka asinune: inatoka kwenye matenki ya malori. Dereva kapimiwa lita zake za safari, akibakiza anauza. Na kubakiza kwenyewe ndiko kunakoua watu, kwa sababu mtu anashuka mlima Kitonga au Senjele kaweka nyutro ili abane mafuta. Breki zikichemka, mjue ni lita ishirini zilikuwa zinatafutwa.

Nilifanya kazi hiyo miaka saba, nimeona maroli mangapi kwenye yale makorongo. Siwezi kuwaambia kijana wa kibandani hana msaada, maana ndiye aliyemwokoa mwanzisha uzi. Ila mjue mnanunua nini. Dizeli ya dumu ina maji, ina mchanga, nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Serikali imeweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta ya sheli tangu 2010 ili kukamata uchakachuaji na mafuta ya transiti, yale ya kwenda nje, yanayobaki ndani ya nchi. Kwenye dumu nani atapima?

Jicho la Tai

Na kwa wanaopenda kubeba petroli ya akiba kwenye dumu la plastiki ndani ya gari na watoto: acheni. Nilikuwa Morogoro Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka pale Msamvu. Zaidi ya watu 100 walikufa. Sikuwa karibu na moto, nilikuwa hospitali kwa mgonjwa wangu, nikawaona majeruhi wanavyoletwa. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Binti Ipogolo

Pole sana kaka. Mungu awarehemu.

Gesi Tupu

Naombeni msaada, maana naona wote hapa ni watu wa petroli na dizeli. Nimefunga mfumo wa gesi kwenye gari langu, Dar naishi kama mfalme. Nataka kwenda Mbeya mwezi ujao. Gesi nitaipata wapi njiani?

Suka wa Semi

Dar.

Gesi Tupu

Namaanisha baada ya Dar.

Suka wa Semi

Nimekuelewa mkuu. Jaza petroli.

Kokoto Nyeusi

Wakuu nashukuru, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Naomba nirekebishe bandiko langu la kwanza baada ya kuwasikiliza.

Niliuliza kwa nini hakuna anayejenga kwenye mapengo. Naona sasa wapo waliojenga, akina Mwenye Pampu Mbili, ila hawana pumzi ya kukaa na mafuta mwezi mzima. Pengo kwenye ramani ni moja, pengo kwenye tenki la chini ni jingine, na mimi niliangukia la pili. Kwa hiyo kuhesabu mabango kama nilivyofanya ni kazi bure.

Kwa wenye magari madogo ya petroli, hivi ndivyo nitakavyokwenda mimi. Dar sijazi fulu, najaza nusu, kwa sababu Morogoro nitasimama kula hata hivyo. Morogoro najaza mpaka pampu ikate yenyewe, tena kabla ya kutoka Msamvu, si "mbele". Hapo nina kilomita 300 hivi mpaka Iringa na gari lolote zima linafika, hata Kitonga ikila sehemu yake. Mikumi nasimama kuchimba dawa tu. Ipogolo naongeza. Makambako naongeza hata kama mshale uko nusu, kwa sababu kutoka hapo mpaka Uyole kuna Igawa, Chimala na Igurusi, miji ipo na sheli zipo, lakini ni zilezile za mtaji mdogo tulizozisema. Tarehe za mwisho wa mwezi sichezi kabisa.

Swali linalobaki kwangu ni upanuzi. Uyole mpaka Ifisi barabara inakuwa njia nne, na kuna mpango wa barabara ya kulipia kutoka Kibaha kupitia Chalinze mpaka Morogoro. Barabara za namna hiyo hazina kuingia unapotaka. Sheli zilizoko kando ya barabara ya sasa pale Mlandizi na Chalinze zitauzia nani?

Mwenye Pampu Mbili

Zitauzia waliokataa kulipa. Watakuwa wengi, usiwe na wasiwasi.

Suka wa Semi

Mimi niko kwenye hilo kundi tayari.

Mjukuu wa Dereva

Kokoto, mpango wako ni mzuri ila umesahau upande wa barabara. Ukitoka Dar angalia sheli za kushoto kwako. Usiku, pale Mikumi au Mafinga, kukata kwenda kulia mbele ya semi linaloshuka ni hatari kuliko kuishiwa mafuta. Babu alikuwa anasema hivyo hata kabla ya sheli zenyewe kuwepo, sijui alikuwa anakata kwenda wapi.

Kokoto Nyeusi

Naandika nikiwa njiani. Nilijaza Msamvu kama nilivyoahidi. Mikumi nilipita sheli ileile, nikasimama kwa udadisi nikamuuliza mhudumu kama petroli ipo. Yuleyule. Akaniangalia, akaniuliza, "Wewe si yule wa vitunguu?"

Petroli ilikuwepo. Nimeongeza lita tano, kwa heshima tu.